Kosa Hutangulia Mashine

Utabiri wa hali ya hewa unapokwenda kombo watu huilaumu mashine, na wataalamu wenyewe aghalabu huanza kuzipekua kanuni za hesabu au kuomba kompyuta yenye nguvu zaidi, ilhali kosa limekwisha kukaa ndani ya tarakimu za mwanzo kabla mashine haijapiga hesabu hata moja. Rai yangu ni kwamba hali ya awali ya upepo, joto na mgandamizo wa hewa ndiyo inayostahili kuhojiwa kwanza, na ndiyo inayostahili kugharimiwa kwanza.

Shahidi wangu ni Mwingereza Lewis Fry Richardson, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa dereva wa gari la majeruhi huko Ufaransa, alipiga kwa mkono hesabu ya mwendo wa hewa juu ya Ulaya ya kati kwa tarehe 20 Mei 1910, siku iliyokwisha kupita na ambayo vipimo vyake vilikuwa vimehifadhiwa. Jawabu alilolipata lilikuwa la ajabu: mgandamizo wa hewa ungepanda milibari 145 kwa muda wa saa sita, hali baromita za siku hiyo zilikuwa karibu hazikusogea. Mwingine angelificha jawabu hilo. Yeye alilichapa katika kitabu chake cha mwaka 1922, akasema kwa insafu kuwa taksiri ilikuwa katika vipimo vya upepo alivyoanzia.

Na alisema kweli. Mgandamizo hubadilika hewa inayoingia katika nguzo ya anga inapozidi au kupungukia ile inayotoka, na kwa tabia ya anga hizo mbili hukaribia kulingana, hata tofauti inayobaki huwa ndogo mno. Upotovu mdogo wa kipimo cha upepo, ambao ungesameheka katika shughuli nyingine, huvunja mizani hiyo, na milinganyo, ambayo hutii inachoambiwa, huugeuza kuwa mawimbi makubwa yasiyopata kuwako. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa Ireland, Peter Lynch, alizirudia hesabu hizo akapata jawabu lile lile. Kisha akayachuja mawimbi katika hali ya awali, na jawabu likarudi katika kiasi cha akili. Kanuni hazikuguswa.

Fundisho hili linamfaa kila anayepiga hesabu za vitu vinavyotiririka, yawe maji ya mto au mafuta ndani ya bomba. Hesabu ikilipuka katika hatua zake za kwanza, asikimbilie kufupisha hatua za muda; atazame kwanza kama maji yanayoingia katika kila kijisehemu cha hesabu yanalingana na yanayotoka, kama kasi iliyo kandokando ya ukuta inapatana na ukuta usiosogea, na kama mgandamizo unaafikiana na mwendo huo. Lakini kosa likichelewa kujitokeza, hilo ni la jinsi nyingine, lile alilolikuta Edward Lorenz huko Marekani mwaka 1961, alipoipa mashine 0.506 badala ya 0.506127, akaona hali ya hewa aliyoibuni ikiachana kabisa na ile ya hesabu yake iliyotangulia. Hilo halina dawa ya kulimaliza, ila kupiga hesabu nyingi zenye mianzo inayotofautiana kidogo, na kukiri kiasi cha shaka.

Kwetu Afrika vituo vya kupimia ni vichache mno kwa ukubwa wa bara, na maputo ya kupima anga ya juu ni adimu. Wako watakaosema kwamba setilaiti zimeziba pengo. Zimeliziba kwa sehemu kubwa, lakini nazo huhitaji kipimo kilichochukuliwa pale pale upepo unapovuma ili zisahihishwe. Hata hivyo kompyuta mpya huzinduliwa kwa kukatiwa utepe, ilhali baromita ya wilayani haijapata kuwa na mgeni rasmi. Shilingi ya kwanza na iende kwa anayesoma kipimo, na ya pili kwa anayekipatanisha na vipimo vingine. Kompyuta ingoje zamu yake.