Mwalimu wa Baiolojia Naye Aandaliwe

Mwandishi anayedai kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza hufeli kwa uvivu wa kujifunza Kiingereza amewaonea. Tanzania, shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari, Kiingereza hutawala karibu masomo yote. Je, mwalimu wa baiolojia ameandaliwa kwa mabadiliko hayo? Kulijua somo hakutoshi kumsaidia mtoto asiyeielewa lugha ya somo. Mbinu zipo: wanafunzi walidondoshee iodini jani lililochemshwa kwenye spiriti, wajadiliane kwa Kiswahili kwa nini limekuwa jeusi, kisha waandike kwa Kiingereza wakiongozwa na sentensi za kujaza ubaoni. Vyuo vya ualimu viwafunze hayo walimu wa masomo yote. Lawama hazimfundishi mtoto.