Sindano ya Pioneer yahitaji soko, si sifa

KATIKA mitaa ya makazi kama Pioneer, jijini Eldoret, kingalipo kizazi cha akina mama ambao hawakuihesabu sebule kuwa imekamilika kabla makochi hayajatandikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Mabinti wao leo hununua vilivyotengenezwa kwa mashine, au hawavitaki kabisa. Swali si tu nani atakayeurithi ufundi huo, bali atalipwa nini akiurithi.

Lesi halisi ya sindano, ile ya Alençon nchini Ufaransa au kisiwa cha Pag nchini Kroatia, hujengwa kwa uzi na sindano pekee, tundu baada ya tundu. Vitambaa vya Pioneer hufumwa kwa kulabu, hivyo ni jamaa yake wa karibu tu. Aliye karibu zaidi nchini ni mshonaji wa kofia za vito kule Lamu, ambaye huzungushia uzi vitundu vidogo mno, kimoja kimoja, kwa miezi kadhaa. Wote wanakabiliwa na adui mmoja: bidhaa ya mashine inayouzwa kwa bei isiyotosha hata kulipia saa za mfumaji.

Ufundi huu ulienea nchini kupitia shule za misheni, na baadaye vikundi vya akina mama vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoasisiwa mwaka 1952. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulitilia mkazo kazi za mikono, lakini masomo hayo yakaja kuondolewa katika mtihani wa kitaifa wa shule za msingi. Katika shule zetu, kisichotahiniwa aghalabu hakifundishwi.

Wapo wanaodai kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Dai hilo halina mashiko. Msichana anayesuka nywele kuanzia asubuhi hadi jioni ana vidole vyepesi na subira ya kutosha kufuma lesi yoyote. Tofauti ni kwamba msusi hulipwa jioni hiyo hiyo, ilhali mfumaji humaliza seti ya vitambaa baada ya siku nyingi, kisha mnunuzi akaanza kupunguza bei.

La kushangaza ni kwamba haya yanatukia katika mji wa nyuzi. Ken-Knit hutengeneza nyuzi za kufumia papa hapa Eldoret. Rivatex, iliyosambaratika kisha ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ilizinduliwa upya mwaka 2019 ikiwa na mitambo ya kisasa. Kila viwanda vinapotajwa, wanasiasa huzungumzia pamba na ajira za kiwandani. Mfumaji wa nyumbani hatajwi.

Ufaransa ilichukua njia nyingine. Lesi ya Alençon, iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika mwaka 2010, huhitaji takriban saa saba kwa sentimita moja ya mraba, na fundi hukamilisha mafunzo baada ya miaka saba hadi kumi. Hakuna soko la kawaida linaloweza kugharimia hilo. Ndiyo maana serikali yao ilianzisha karakana ya taifa mwaka 1976, na mafundi wake hulipwa mshahara.

Uasin Gishu haina haja ya kwenda umbali huo, wala haina fedha hizo. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini pamoja na vituo vya ufundi wa nyumbani. Vyuo vya ufundi vimesikika; vituo hivyo vya pili ni nadra kutajwa. Kimoja tu Pioneer, chenye mkufunzi anayelipwa na oda za uhakika za vitambaa vya madhabahu au mapambo ya magauni ya harusi, kingempa msichana sababu ya kuishika kulabu. Katiba inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti kila mwaka, na wakazi wa Pioneer wanaweza kuliuliza suala hilo huko.