Semina ya Bakuli la Tatu

Mpwa wangu alishuka kwenye treni ya Tabora pale stesheni ya Mpanda akiwa na begi moja na habari njema. Yuko mwaka wa pili, anasomea saikolojia na ushauri nasaha katika chuo ambacho sitakitaja. "Mjomba, takwimu wameitoa," aliniambia kabla hatujafika barabarani. "Sasa ni somo la hiari. Habari za kusapu zimekwisha." Nikampokea begi, nikampa pole. Alidhani ni pole ya safari.

Uamuzi huo ni mbovu, na ni afadhali niseme mapema. Idara imeona wanafunzi wengi wanafeli utangulizi wa takwimu, ikaona dawa ni kuliondoa somo kwenye orodha ya lazima. Zahanati ikiona watoto wengi wana homa, haifichi kipimajoto kabatini ikasema homa imepungua.

Wanaoutetea wana hoja tatu. Ya kwanza: vijana wanafika chuoni wakiwa wameshajeruhiwa na hesabu. Ni kweli. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2023 na 2024, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Ya pili: siku hizi kompyuta ndiyo inayokokotoa. Hilo nalo ni kweli, programu inatoa jibu kabla chai haijapoa. Ya tatu ndiyo mpwa wangu aliyonipa tukiwa bado njiani: "Mimi nimekwenda kusoma watu, mjomba, sikwenda kusoma namba. Mshauri nasaha anakaa na mtu mmoja mmoja." Hii ya tatu inasikika vizuri sana. Ndiyo maana ni ya hatari kuliko zote.

Tuanze na namba ambayo kila mtu wa Katavi, mkoa wetu huu, amewahi kutupiwa usoni. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Kitaifa ilikuwa asilimia 27. Tukawa wa kwanza nchini, na sifa hiyo ikatuganda kama matope ya masika. Majukwaani namba ikageuka kuwa "karibu nusu ya wanafunzi wetu wa kike wana mimba", jambo ambalo utafiti haukusema. Ndani ya ile 45 yumo msichana wa miaka 19 aliyemaliza shule, ameolewa, ana mtoto na shamba la mpunga. Yumo pia wa miaka 15 aliyekatishwa masomo. Hao wawili hawahitaji mshauri yuleyule wala semina ileile.

Kisha ukaja utafiti wa 2022. Taifa lilishuka hadi asilimia 22, Katavi hadi 34. Songwe, ambayo utafiti uliotangulia uliihesabu bado ikiwa sehemu ya Mbeya, ndiyo sasa ikashika 45. Nilikuwemo katika kikao kimoja ambamo ile 34 ilipigiwa makofi. Elimu tuliyotoa imefanya kazi, tukaambiwa. Inawezekana. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mwanafunzi wa muhula mmoja wa takwimu angepaswa kuuliza: je, ingeshuka hata kama tusingefanya chochote?

Fanya hesabu ya kawaida. Utafiti wa 2015–16 ulihoji wanawake 13,266 katika mikoa 30, yaani wastani wa kama 440 kwa mkoa. Wenye miaka 15 hadi 19 hawafiki robo yao. Kwa hiyo sauti ya wasichana wote wa mkoa imebebwa na kama wasichana 100 hivi. Kwa watu 100, asilimia 45 inaweza kuyumba pointi kama kumi juu au chini pasipo lolote kubadilika mtaani, na kwa kuwa wahojiwa huchaguliwa kwa makundi ya vijiji na mitaa, myumbo unaweza kuwa mkubwa zaidi. Hilo si kosa la Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ndivyo sampuli zilivyo, na ripoti zenyewe hutenga kiambatisho cha kulieleza. Kiambatisho hicho ndicho ambacho mpwa wangu ameruhusiwa asikisome maishani.

Jioni ile, barazani kwa dada yangu Makanyagio, niliomba maharage. Tulipanga mabakuli sita, kila moja tukalitia maharage 100: 55 ya njano, 45 mekundu. Tulihesabu mpaka dada akauliza kama tumerogwa. Kisha mpwa akafumba macho, akachota maharage 20 kutoka kila bakuli, nami nikaandika mekundu yaliyotoka. Tisa. Saba. Kumi na mawili. Manane. Kumi. Tisa.

"Bakuli la tatu lina tatizo," nikasema. "Asilimia 60. Liandalie semina."

Mpwa wangu ana vituko. Alisimama mbele ya bakuli, akakohoa kidogo kama mgeni rasmi, akayaasa maharage yajitunze, yasikubali kurubuniwa na waendesha bodaboda. Akaliwekea bakuli soda pembeni, posho yake. Tukarudisha yaliyochotwa, tukakoroga, akachota tena 20. Mekundu manane.

"Asilimia 40! Tumefaulu, mjomba!" Alicheka, kisha akanyamaza, akabaki analitazama lile bakuli.

Alichokiona kina jina: kurejea kwenye wastani. Mwingereza Francis Galton alikieleza mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na watoto wao. Ukikichagua kitu kwa sababu tu kilikuwa kilele siku ulipokipima, uwezekano mkubwa ni kwamba ukikipima tena kitakuwa kimeteremka, maana sehemu ya kile kilele ilikuwa bahati, na bahati haitoi ahadi ya kurudi kesho. Mabakuli yetu yote yalikuwa sawa. La tatu lilipewa semina kwa sababu ya mkono uliochota.

Sasa turudi kwenye ile hoja tamu ya mtu mmoja mmoja. Ingia shule yoyote, uzungumze na mwalimu anayeamini kiboko. Atakwambia kwa dhati kabisa: nikimsifu mtoto aliyepata alama za juu, mtihani unaofuata anashuka, nikimchapa aliyepata za chini, unaofuata anapanda. Hasemi uongo. Ameyaona kwa macho yake miaka 20. Lakini aliyepata za juu kuliko kawaida yake angeshuka hata asiposifiwa, na aliyeporomoka angepanda hata asipoguswa. Mwalimu amelipwa ushahidi kila muhula kwamba fimbo inafundisha na sifa inaharibu, na malipo yote ni ya noti bandia. Daniel Kahneman aliwahi kuwasikia wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli wakisema maneno hayohayo kuhusu karipio na pongezi, akatambua mtego ulipo. Kahneman alikuwa mwanasaikolojia. Aliutambua kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba takwimu ni somo la hiari.

Na mshauri nasaha mwenyewe je? Mtu hagongi mlango wake siku anayojisikia vizuri. Anakuja amefika chini kabisa: hajalala wiki nzima, anawaza kuacha kila kitu. Wiki mbili baadaye wengi wa namna hiyo wamepata nafuu kidogo, wawe wameonwa na mshauri, mganga, mchungaji, au wamekaa tu nyumbani na mama zao. Mshauri asiyelijua hili ataiandika kila nafuu kuwa kazi ya mikono yake. Njia mbaya itamthibitishia kuwa ni nzuri, mwaka hadi mwaka, na hatakuwa na namna yoyote ya kugundua. Kwa hiyo kumbe ni hapo, kwenye chumba cha watu wawili na viti viwili, ndipo takwimu zinapohitajika zaidi. Anayesema "nasoma watu, sisomi namba" anajiandaa kuwa fundi wa kudanganywa na macho yake mwenyewe, na chuo kinampa cheti kwa hilo. Hapa uvumilivu wangu umefika mwisho. Kompyuta haitamwokoa. Ipe maharage yetu, itakokotoa asilimia 60 na asilimia 40 bila wasiwasi, na haitauliza kwa nini ni bakuli la tatu lililopelekwa semina.

Sisemi kwamba juhudi za Katavi ni bure. Sisemi kwa sababu sijui, na hata waliopiga makofi hawajui. Kama waliohojiwa ni kama 100 kila mara, namba mbili zinaweza kupishana pointi 13 kwa bahati tu, nasi tunashangilia 11. Zaidi ya hapo, mkoa wenyewe si uleule: sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604, ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Wamehamia wafugaji, wakulima, wachimbaji. Pengine tumewapima wasichana wengine kabisa. Kinachobaki ni kwamba 34 bado iko juu ya 22, na kuna watoto halisi ndani ya pengo hilo. Wanastahili mtu atakayeuliza mkoa wa kulinganisha uko wapi kabla ya kuagiza fulana za kampeni nyingine.

Idara ilirudishe somo kuwa la lazima, ila isirudishe ufundishaji uleule. Kama wanafunzi wanafeli kwa kukariri fomula zilizoandikwa kwa lugha ambayo hata mhadhiri hukwama kuifafanua, waanze na mabakuli, waeleweshwe kwa Kiswahili, fomula ifuate wakiwa wameshajua inatafuta nini. Itachukua wiki tatu zaidi. Kiboko kimechukua vizazi.

Mpwa wangu hakuniahidi chochote. Kesho yake dada aliyakusanya maharage yote, akayachemsha kwenye sufuria moja. Ya bakuli la tatu yaliiva pamoja na mengine.