Barakoa Isiyo na Majirani

Mgeni anayezuru Venice, nchini Italia, siku chache kabla ya Kwaresima, huukuta uwanja wa Mtakatifu Marko umejaa watu wenye majoho na barakoa. Wengi wao ni wageni kama yeye. Hupigana picha, kisha jioni huwahi treni. Sherehe ipo, lakini barakoa imepoteza kazi yake, na kazi hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa ya kilugha kabla ya kuwa ya mapambo.

Katika Jamhuri ya Venice ya karne ya 18, barakoa ilivaliwa kwa miezi kadhaa kila mwaka. Aliyeivaa hakuitwa kwa jina wala kwa cheo. Mwungwana na muuza duka waliamkiwa kwa tamko moja tu, yaani "Bwana Barakoa". Ile iliyoitwa bauta ilichomoza mbele ya kidevu, hivyo mvaaji aliweza kula na kunywa bila kuivua, na hata sauti yake ikabadilika. Katika Ridotto, nyumba ya kamari iliyofunguliwa na serikali mwaka 1638 na kufungwa mwaka 1774, wachezaji walilazimika kuivaa. Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba huo ulikuwa usawa kamili. Moretta, barakoa nyeusi ya wanawake, ilishikiliwa kwa kifungo kilichoumwa kwa meno. Aliyeivaa hakuweza kutamka neno!

Jamhuri iliangushwa na Napoleon mwaka 1797, na kanivali ikafifia hadi ilipofufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo wenyeji walikuwa tayari wanahama. Mji mkongwe uliokuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951, ulibaki na chini ya 50,000 mwaka 2022. Nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya watalii. Mwaka 2024 baraza la mji lilianza kuwatoza wageni wa kutwa ada ya yuro 5 katika siku zilizoteuliwa. Wapo walioisifu hatua hiyo. Mimi naiona kuwa tiketi ya makumbusho: hukusanya fedha, lakini haimrudishi hata seremala mmoja.

Barakoa humficha mtu mbele ya wanaomjua. Akiivaa mahali ambapo hakuna amjuaye, anaficha nini? Salamu ya "Bwana Barakoa" ilikuwa na maana kwa sababu aliyeitamka huenda alikuwa jirani, mdai au shemeji wa aliyeamkiwa. Tena ilitamkwa kwa Kiveneto, lugha ambayo wanaisimu wengi huitofautisha na Kiitaliano. Ni lugha hiyo iliyoupa ulimwengu neno "ciao", lililotokana na tamko la unyenyekevu lenye maana ya "mimi ni mtumwa wako". Neno limeenea pande zote za dunia, ilhali wenyewe wanahamia bara, ng'ambo ya daraja, ambako kodi ni nafuu. Baraza likitaka kanivali yenye uhai, lingeanza na kodi hizo kabla ya kuwatoza wapita njia.