Tunalisha tope moramu!

Nimerudi jana kutoka nyumbani Binza na hasira bado ninazo. Gari lilinasa mbugani, tukashuka kusukuma, viatu mkononi. Palepale mwaka jana walimwaga moramu! Imekwenda wapi? Haijaibiwa jamani, imezama. Udongo wetu mweusi ukilowa unakuwa uji. Tairi zikikandamiza, moramu inashuka, tope linapanda.

Dawa ipo: kitambaa cha polipropilini, yaani jiotekstaili, kinatandazwa chini ya moramu. Maji yanapita, tope linabaki chini. South Carolina, Marekani, walijaribu mwaka 1926 kwa kitambaa cha pamba. Pamba! Sisi tunaoilima tunasukuma magari. Pamba huoza, ndiyo maana siku hizi inatumika sintetiki.

Eti ni ghali. Kwani kumwaga moramu kila mwaka ni bure? Nakubali, kitambaa hakizuii udongo kuvimba, na bila mitaro ni kazi bure. Basi tuchimbe mitaro, tutandaze, ndipo tumwage. Wana uinjinia wenzangu, tukiajiriwa tusijifanye tumesahau.

Nawasilisha.