Sauti Yako Inaenda Wapi?

Vijana wenzangu, mtu akikujia hapa Busiu na simu, akakuambia, "Nisomee hizi sentensi kwa Kiswahili, nitakupa hela kidogo," usikimbilie. Muulize kwanza: sauti yangu inaenda wapi?

Kwa swali kama hilo Hollywood ilisimama. Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wa filamu waligoma, siku 148. Julai waigizaji nao wakaingia, siku 118. Walidai malipo ya haki kwa kazi zinazotazamwa kwenye intaneti, na akili bandia isichukue sura na sauti zao bila ruhusa. Wakapata: kampuni ikitaka nakala ya mwigizaji kwa kompyuta, imuombe na imlipe.

Mtasema hao ni watu wa mbali. Haya, siku moja tu kabla yao, hapo Nairobi, wafanyakazi zaidi ya 150 waliochuja uchafu wa Facebook, TikTok na ChatGPT walikubaliana kuunda chama. Baadhi yao walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Najua, sisi wakimbizi hatuna chama, na njaa haisubiri mkataba. Lakini kuuliza ni bure: ni ya kazi gani? Mpaka lini? Ikitumika tena, nalipwa? Majibu yaandikwe.

Na nyie wa mashirika mnaotupiga video, maswali haya yanawahusu pia. Ile fomu tunayosaini haraka haraka, tusomeeni kwanza kwa lugha tunayoielewa.