Chunusi na ile tyubu ya siku saba

Haya jamani, leo tuziache siasa kidogo. Nataka kuongelea sura zetu.

Mimi nimeishi na chunusi tangu sekondari. Ushauri niliopewa hapa Arusha ungejaza daftari. Nioshe uso kwa sabuni ya kufulia. Nipake dawa ya meno. Kuna aliyeniambia ni ugwadu tu, nitafute mchumba zitaisha. Mchumba nikapata, chunusi zikabaki.

Basi siku moja nikaingia duka moja la dawa mjini, jina nalihifadhi. Dada wa kaunta hakuniuliza chochote. Aliniangalia usoni, akatoa tyubu ndogo: "Hii siku saba tu." Na kweli! Siku ya saba uso laini kama wa mtoto. Nikaacha kupaka, zikarudi na ndugu zao. Nikanunua nyingine, na nyingine. Baada ya miezi minne jua la saa saba lilikuwa linanichoma kama pilipili, na nisipopaka siku mbili uso unavimba.

Daktari wa ngozi aliigeuza ile tyubu, akasoma, akaniuliza nani kaniandikia. Ilikuwa steroidi kali, betamethasoni. Steroidi inatuliza uvimbe haraka, ndiyo maana unaipenda. Ila ukiendelea nayo inafanya ngozi kuwa nyembamba, na yenyewe inaleta chunusi. Hiyo ni dawa ya cheti cha daktari, mimi niliuziwa kama pipi.

Sasa kuna watakaosema: usinunue dawa ya uso dukani, nenda hospitali. Mimi sikubaliani nao. Madaktari wa ngozi ni wachache. Wengi wetu tukikwama tunapanda basi hadi KCMC Moshi, kilometa kama 80, ambako wataalamu wa ngozi wanafundishwa tangu miaka ya 1990. Nani ataaga kazini siku nzima kwa chunusi tano? Kwa chunusi za kawaida kaunta inatosha, ili mradi upewe kitu sahihi.

Na vitu sahihi vipo. Benzoili peroksaidi inaua bakteria wa chunusi, na ile ya asilimia 2.5 inafanya kazi karibu sawa na ya 10 bila kukuunguza sana. (Taulo lako la rangi litapauka, nimekuonya.) Asidi ya salisiliki inazibua vinyweleo. Marekani waliruhusu adapalini ya asilimia 0.1 iuzwe bila cheti mwaka 2016, baada ya kuichunguza (mjamzito asiiguse). Kwetu steroidi inavuka kaunta kwa sababu tu hakuna anayeuliza.

Tatizo dawa hizi hazina muujiza wa siku saba. Zinataka wiki sita mpaka nane, upake eneo lote na siyo kipele kimoja kimoja, tena uanze kidogo kidogo. Ngozi nyeusi ikiunguzwa inaacha madoa, na madoa ndiyo yanayotupeleka kwenye mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini mtu mwenye madoa na harusi ya Jumamosi hasomi sheria.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. TMDA na Baraza la Famasi wabane uuzaji wa steroidi bila cheti. Na wewe uliyesoma mpaka chuo, ukifika kaunta acha kuuliza "hii inamaliza kwa siku ngapi?" Uliza "ina dawa gani ndani?" Ukisikia betamethasoni au klobetasoli, rudisha. Asiyejua kilichomo asikuuzie. Na kama una vivimbe vikubwa vyenye maumivu, au vinaacha makovu, hapo kaunta imefika mwisho: panda basi la Moshi.

Uso wangu ulichukua karibu mwaka kutulia. Madoa mawili bado ninayo, shavu la kushoto. Hizo ndizo risiti zangu.